Mgongo wa farasi, kiuno cha mbwa: maswali yenu ya mwezi huu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya ostiopathi ya wanyama, yaani mtu anamtibu farasi au mbwa kwa mikono mitupu, anabonyeza, anavuta, anakunja kiungo taratibu, bila sindano wala kidonge. Kumbe wengi mnayo hayo maswali kifuani. Nimejibu niliyoweza, mengine yanafanana nimeyaunganisha.

Daktari habari yako. Mimi ni saisi hapa Karen, Nairobi. Kuna farasi jike wa miaka 11, alikua anakimbia Ngong saa hii anaruka vizuizi. Ukimtandika anarudisha masikio nyuma anataka kukuuma, na kugeuka kushoto ni shida. Mdosi analeta mtu wa ostiopathi kila baada ya muda, anamshikashika kama nusu saa, farasi anafumba macho na mdomo unaning'inia. Siku mbili tatu anakua poa kabisa alafu anarudia vilevile. Hii kitu inafanya kazi ama ni kula pesa ya mdosi?

Sio kula pesa kaka, ila hizo siku mbili tatu ndo zinanitia wasiwasi. Farasi akipata nafuu alafu akarudi palepale ujue yule mtu ametoa mkazo wa misuli vizuri tu, lakini kinacholeta mkazo bado kipo, na mara nyingi kimetundikwa kwenye chumba cha matandiko.

Anza na hapo. Liweke tandiko mgongoni bila ile nguo ya chini na bila kufunga mkanda wa tumboni, alafu chungulia kwa mbele. Kati ya tandiko na ule mfupa ulioinuka shingo inapoishia vipite vidole viwili au vitatu vimesimama, na ukienda nyuma ukachungulia uone mwanga umepita katikati mpaka mbele. Mwisho wa tandiko usivuke ubavu wa mwisho, fuata kwa vidole kutoka chini mpaka juu utaupata, kwasababu nyuma ya hapo mgongo hauna mbavu za kuubeba. Tafuta nywele nyeupe zilizoota mahali ambapo hazikuwepo, hizo ni alama ya kubanwa kwa muda mrefu. Na siku akitoka kazini ametota jasho, ukivua tandiko usikimbilie kummwagia maji, angalia kwanza, kama mgongo wote umelowa isipokua kuna kiraka kikavu cha ukubwa wa kiganja pale nyuma ya bega basi mara nyingi tandiko linakandamiza hapohapo. Hayo unayaona wewe tu. Mdosi hayaoni, na yule wa mikono pia hayaoni maana anamkuta farasi keshaoshwa na kusuguliwa anang'aa.

Kwanini bega linaumia hivyo? Farasi hana mtulinga. Sisi mkono umeunganishwa na kifua kwa mfupa, yeye kifua chote kinaning'inia katikati ya miguu ya mbele kwa misuli mitupu kama chungu kwenye susu, na miguu hiyo ya mbele ndo inabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake, hapo bado hujapanda wewe. Tandiko likibana pale misuli inakazana, kifua kinashuka, mgongo unalegea katikati, na hapo ndo unasikia "farasi wangu amekua mkaidi".

Sasa ukikuta tandiko halina shida tuende mbele. Dokta amuangalie meno (meno yenye ncha kali yanamfanya akimbie lijamu upande mmoja, wewe unadhani ni shingo), fundi wa kwato aangalie urefu wa kwato, alafu atembezwe na kutrotishwa (kukimbizwa mwendo wa kati) kwenye ardhi ngumu, maana farasi wengi tunaosema wana mgongo kumbe wanachechemea mguu wa nyuma kidogo sana kiasi cha kutoonekana kirahisi. Na kuna hii ya pingili, zile ncha za mifupa unazozigusa juu ya uti wa mgongo, zinasogeleana mpaka zinasuguana, hasa kati ya pingili ya 10 na ya 18 ambapo ndipo tandiko linakaa. Eksirei inaonyesha. Ila eksirei peke yake haitoshi kabisa, kuna farasi wengi pingili zao zinagusana na hawaumwi popote, kwahiyo dokta mzuri atachoma ganzi pale alafu mumpande tena muone kama tabia inabadilika.

Kabla ya yote hayo fanya kitu kimoja ambacho hakina gharama. Kuna dokta wa farasi Muingereza, Sue Dyson, yeye na wenzake wametengeneza orodha ya tabia 24 za farasi akiwa amepandwa, mfano masikio kulala nyuma kwa sekunde tano au zaidi, kufungua mdomo, kupiga mkia mfululizo, kuinua kichwa juu, kujikwaa, kukataa kwenda. Farasi akionyesha 8 au zaidi uwezekano wa kua na maumivu ni mkubwa. Mrekodi kwa simu akiwa kazini, upande wa kushoto na wa kulia, na kwa nyuma pia, umtumie mdosi kwa WhatsApp ukimwambia tu "bosi naomba uangalie masikio". Usimwambie tandiko lako baya, kuna matandiko ya bei ya pikipiki na wenyewe hawapendi kusikia hivyo. Acha video iongee.

Na yule mtu wa mikono asiachwe. Chanzo kikitolewa ndo kazi yake inadumu. Katikati ya ziara zake unaweza ukafanya mazoezi ya karoti mwenyewe: farasi akiwa amesimama sawa, karoti unaisogeza mpaka kidevu kiguse kifua, alafu kishuke katikati ya magoti, alafu chini kwenye vifundo, kisha pembeni mpaka kwenye mkanda wa tumbo, ubavuni, na kuelekea kwenye goti la mguu wa nyuma, kila upande. Taratibu, akae hapo sekunde kadhaa, sio kunyakua karoti na kurudi. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha Michigan State kule Marekani akiwemo Hilary Clayton walifanyia farasi 8 mazoezi ya namna hii siku 5 kwa wiki kwa miezi 3, wakapima kwa altrasaundi wakakuta ile misuli midogo ya ndani inayoshikilia pingili imenenepa. Farasi wa kukodisha na wa shule wanafaidika sana na hii kitu na ni karoti tu.

Asalaam aleikum dokta. Mimi Mtanzania nafanya kazi kwenye mazizi huku Qatar, farasi wa mbio ndefu. Anakuja mtu anamkamata farasi shingo, anasukuma mara moja unasikia "kwaa", anasema mfupa ulikua umetoka ameurudisha. Kweli mfupa wa farasi unatoka hivyo hivyo? Na sisi tumuige?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hapana, na hapana.

Mfupa wa pingili ya farasi haujatoka. Farasi ana kilo 450, 500 huko, pingili zimefungwa na ligamenti na misuli minene kuliko paja lako, pingili ikitoka kweli mahali pake huyo farasi hajasimama mbele yako, yuko chini amepooza. Ule mlio ni hewa ndani ya maji ya kiungo, ndo uleule unaoupata ukivuta vidole vyako. Kinachobadilika ni misuli kulegea na maumivu kupungua kwa muda, na hilo limepimwa, Kevin Haussler wa Colorado State na wenzake walipima kwa kifaa cha kubonyeza mgongo wakaona baada ya kunyooshwa farasi anavumilia mbonyezo mkubwa zaidi. Kwahiyo faida ipo. Ila maelezo ya mfupa kutoka na kurudi ni lugha ya biashara, na ubaya wake ni kwamba mwenye farasi akishaamini "umetoka umerudishwa" hatafuti tena chanzo. Na yale ya kushika kichwa na kusema nasikia mifupa ya fuvu inapumua mimi sijashawishika nayo, ushahidi wake ni mwembamba mno, japo farasi wengi wanapenda kushikwa hivyo na wanatulia.

Kumuiga usithubutu. Shingo hasa. Farasi anayejikwaakwaa, anayeburuta ncha za kwato za nyuma, au anayeyumba ukimgeuza duara dogo, huyo anaweza kua na tatizo kwenye uti wa mgongo shingoni na kusukumwa kwa nguvu ni kumuongezea. Huyo ni wa dokta kwanza. Wewe mkande kwa kiganja, viganja vyote viwili, ukifuata misuli iliyo kandokando ya mgongo, kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwenye mfupa, mbonyezo uleule kushoto na kulia. Akishusha mgongo ghafla au ngozi ikitetemeka au akigeuza sikio moja kukuangalia, simama hapo, punguza, usimpige kisa amekunja uso. Ukimaliza andika kwenye daftari ni upande gani. Dokta wa zizi atakushukuru kuliko unavyodhani.

Jambo lingine la kazi yako hilo la mashindano. Dawa ya kuchua yenye pilipili ndani yake marufuku kwa farasi anayeshindana. Olimpiki ya 2008, mashindano ya farasi yalifanyika Hong Kong, kuna farasi walitolewa baada ya vipimo kukuta kapsaisini, ambayo ni ule ukali wa pilipili. Sasa wewe umejipaka ya kwako mgongoni kwa uchovu, mikono hujanawa, unaenda kumkanda farasi wa sheikh. Nawa mikono ndugu. Na shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lina utaratibu wa kusajili watu wanaoruhusiwa kumfanyia farasi tiba za viungo kwenye mashindano, kwahiyo muulizeni huyo bwana wa "kwaa" kama amesajiliwa.

Dokta shikamoo. Naandika toka Mbezi, tuna mbwa wetu German Shepherd ana miaka 9, kuamka asubuhi tabu, anainuka kwa miguu ya mbele kwanza, ya nyuma inateleza. Jirani anasema kuna mzee anakanda watu waliovunjika, ni mwunga mifupa mzuri sana, tumuite amkande na mbwa. Mume wangu yeye anampa diclofenac zake nusunusu. Naomba ushauri.

Marahaba mwanangu. Kwanza mume wako akabidhi hizo dawa leo. Diclofenac na ibuprofeni za binadamu zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na nusu kidonge hakimpi usalama wowote. Akianza kutapika au choo kikawa cheusi kama lami usisubiri kesho. Zipo dawa za maumivu za mbwa wenyewe, dokta anapima uzito ndo anatoa.

Mbwa wa aina hii nyonga ndo ugonjwa wao wa ukoo, kiungo hakikai vizuri kwenye tundu lake tangu utotoni, kinasuguka miaka yote mpaka uzeeni kinakua kama bawaba yenye kutu. Hapo hakuna cha kuunga. Mzee wa watu namheshimu na huenda mikono yake ni mizuri kweli, lakini yeye kazoea mtu anayeweza kumwambia "hapo hapo mzee panauma", mbwa anasema kwa meno. Na akivuta mguu wa nyuma kwa nguvu kwa nia ya kuurudisha kwenye nyonga iliyochakaa atamuumiza sana. Mzee muacheni apumzike.

Nyumba yenu ina tailizi? Najua jibu maana Mbezi nzima ni tailizi. Miguu ya nyuma ikiteleza mara arobaini kwa siku misuli ya paja na kiuno haipumziki hata kidogo, alafu anahamishia uzito wote mbele, mabega nayo yanakaza, ndo unaona sahivi anatembea kichwa chini. Tandika mikeka ya raba au hata mazulia ya zamani toka anapolala mpaka mlangoni na mpaka kwenye chakula. Kata kucha, kucha ndefu zinamfanya ateleze zaidi. Nywele za katikati ya vidole kata pia. Punguza ugali. Mbwa wa miaka 9 anayepewa mabaki ya familia nzima amenenepa hata kama wewe unamuona wa kawaida, ukipitisha mkono ubavuni uzihisi mbavu bila kutafuta. Matembezi mafupi mara mbili tatu kwa siku yanafaa kuliko moja refu la Jumapili.

Kukanda mnaweza wenyewe jioni akiwa amelala ubavu: taulo la maji ya vuguvugu kwenye mapaja dakika kama kumi, alafu kiganja kizima, polepole, kutoka kiunoni kushuka pajani, bila kubonyeza uti wa mgongo, na mabega msiyasahau maana hayo ndo yanafanya kazi ya miguu minne. Akinyanyua kichwa kukutazama mkono punguza nguvu. Ukipata mtu aliyesomea tiba ya viungo vya wanyama, na dokta akakubali, mlete.

Ila nakuomba dokta amuone kabla. Homa ya kupe nayo inakaza viungo hivihivi na hiyo ina dawa yake.

Mbwa wangu yule mrefu mwenye miguu mifupi (dachshund) jana alikua mzima, leo asubuhi anaburuta miguu ya nyuma. Nimkande wapi?

Usimkande popote. Diski ya mgongo inawezekana imepasuka na inabana uti wa mgongo, mbwa wa umbo hilo ndo wanaongoza kwa shida hii. Mlaze kwenye ubao au kwenye boksi, asiruke, asipande ngazi, na nenda kwa dokta sasa hivi, kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kutembea tena. Kama hajachanjwa kichaa cha mbwa na anatoa udenda, taya limelegea au sauti imebadilika, usimshike kabisa kwa mikono, mfungie na mpigie dokta au mtu wa mifugo wa kata, maana kichaa nacho huja kwa kupooza. Akishakuuma au mate yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali kuchomwa chanjo.

Doc, polo farm Gilgil. Jumatatu farasi alitoka nje baada ya kupumzika wikendi, dakika kumi tu akakaza matako yote mawili, anatoka jasho, hataki kusonga. Vijana walikua wanataka kumtembeza na kumkanda ilegee.

Wakataze wote. Asitembezwe hatua hata moja na asikandwe, ile misuli ya nyuma inajiharibu na ukimlazimisha unaiharibu zaidi. Blanketi kama kuna baridi, maji ya kunywa, nafaka toa kabisa, majani makavu tu, na dokta aitwe. Mkikuta mkojo una rangi ya kahawa mwambieni kwenye simu kabisa ili ajue, hiyo rangi ni misuli inapita kwenye figo. Kwa wiki zijazo siku ya mapumziko nafaka ipunguzwe na atolewe nje atembee, sio kusimamishwa bandani na ndoo imejaa. Ostiopathi inaweza kuja huko mbele, akishapona.

Mimi mwanafunzi wa udaktari wa mifugo SUA Morogoro. Naipenda hii fani ya mikono lakini wenzangu wananicheka wanasema ni uganga. Nikisomee wapi, na je kisheria ikoje?

Wacheke tu mdogo wangu, ila na wewe usiifanye dini. Hii kitu ilianzishwa na Mmarekani Andrew Taylor Still mwaka 1874, kwa ajili ya watu, akafungua shule Kirksville, Missouri mwaka 1892. Kwa farasi Mfaransa mmoja, Dominique Giniaux, ambaye alikua dokta wa mifugo kabisa, ndo aliisukuma sana kuanzia miaka ya 1980. Kwahiyo aliyeipeleka mbele kwa farasi alikua dokta kwanza na fundi wa mikono baadae, na mimi nakushauri ushike mpangilio huohuo. Maliza miaka yako mitano hapo.

Sheria zinatofautiana. Ufaransa tangu 2017 mtu asiyekua dokta anaruhusiwa kufanya ostiopathi ya wanyama ila asome miaka 5 na afaulu mtihani ulio chini ya baraza la madaktari wa mifugo ndo aandikwe kwenye rejista. Uingereza sheria ni ya 1966, agizo la 2015 linaruhusu tiba za viungo na watu wasio madaktari lakini dokta lazima awe amemuona mnyama kwanza na akasema atibiwe hivyo. Kwetu Tanzania kuna sheria ya veterinari ya 2003 na Baraza la Veterinari, Kenya sheria ya 2011 na bodi yao ya veterinari, KVB, kutibu mnyama ni kazi ya aliyesajiliwa, kwahiyo wewe ukishapata leseni mkono wako na sindano yako viko halali vyote, mwenzako aliyechukua kozi ya wikendi mtandaoni hayuko hapo. Kazi ipo: farasi wa mbio na polo Kenya, farasi wa kupanda ufukweni Diani, mbwa wa polisi, mbwa wa ulinzi, na punda ndo usiseme.

Sahivi ukiwa chuoni fanya hivi, siku za anatomia usikimbie sehemu ya misuli ya mgongo, na ukienda field mguse kila mnyama mzima kabla hujamgusa mgonjwa. Shika mgongo wa ng'ombe mzima, wa punda mzima, wa mbwa mzima, wengi. Vidole vinajifunza ulaini wa kawaida ukoje, vinginevyo siku ukishika mgongo uliokaza hutajua kama umekaza au ndo alivyo.

Je punda wa Lamu naye akandwe? Wangu anabeba mawe ya ujenzi.

Akandwe, ila kabla ya hapo mpunguzie mawe, sheheni ikae sawa pande zote mbili isimvute ubavu mmoja, na chini ya tandiko weka kitambaa kinene kisicho na mshono wala mkunjo. Punda anaficha maumivu kuliko farasi, ukimuona amesimama kimya hataki kula ujue ameshaumwa siku nyingi. Hapo kisiwani The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, wako tangu 1987, mpeleke wamtazame mgongo na kwato.